Utamu wa santuri wawezekana kwa kompyuta

Je, msomaji, umewahi kumsikia mzazi wako akinung'unika kwamba nyimbo za siku hizi hazina ladha? Aghalabu vijana humcheka wakidhani ni uzee unaosema. Lakini mzee huyo hakosei sana. Sikio lake lilizoea sauti iliyopitia kwenye utepe wa sumaku na sindano ya santuri, na tofauti ya sauti hiyo na ya leo inaweza kupimwa. La kutia moyo ni kwamba kijana mwenye kompyuta ya kawaida mtaani Kamenu, mjini Thika, anaweza kurejesha sehemu kubwa ya utamu huo bila kununua mtambo wowote wa kale.

Sehemu hizi si ngeni kwa muziki. Kutoka Thika hadi Gatanga si mbali, na huko ndiko alikotoka Daniel Kamau, maarufu kama DK, aliyetoa santuri zake za kwanza mwaka wa 1967 akiwa bado mwanafunzi. Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, Murang'a, naye alikuwa akirekodi miaka hiyo ya sitini. Nyimbo za enzi hizo zilinaswa kwenye utepe, kisha zikatiwa katika santuri ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika.

Ni kitu gani basi kilichozipa joto? Jibu huenda likakushangaza: ni kasoro za mitambo yenyewe.

Kasoro zenye utamu

Utepe umepakwa chembechembe za chuma zinazoshika sumaku. Mpiga gitaa akicharaza kwa nguvu, chembe hizo hufika mahali zikashiba. Hata hivyo, hazikatai kwa ghafla, bali hupokea kidogo kidogo zaidi. Kwa hivyo kilele cha sauti huviringwa badala ya kukatwa, na hapo huzaliwa sauti nyingine ndogo ndogo juu ya ile ya asili. Hizo ndizo hulifanya gitaa la besi lisikike nene na lililoshiba.

Isitoshe, utepe hupunguza makali ya zile sauti nyembamba za juu kabisa. Mota nayo haizunguki kwa mwendo mmoja daima, hivyo sauti huyumba kidogo. Nyuma ya yote kuna ule mvumo kama wa mvua ya mbali.

Kompyuta haina huruma hiyo. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huwekwa katika mojawapo ya ngazi 65,536. Ukifika ngazi ya mwisho hakuna nyingine, na kilichozidi hukatwa kama kwa panga. Ndiyo maana wimbo uliorekodiwa kwa pupa hukwaruza masikio, na kwaya iliyochanga pesa zake kwa miezi hurudi nyumbani na kazi ambayo hata waimbaji wenyewe hawataki kuisikiliza mara ya pili.

Anza na chumba

Tuseme unarekodi katika chumba cha kupanga huko Kamenu. Kuta za mawe hurudisha sauti kama kisima, na ni vigumu kuuondoa mwangwi huo vizuri baadaye. Tundika mablanketi mazito ukutani, tandika zulia sakafuni, nawe ungoje saa ambayo matatu na bodaboda zimepungua.

Pili, ikiwezekana, wapigaji wapige pamoja. Bendi za zamani zilirekodi zikiwa chumba kimoja, ngoma ikisikika kwa mbali katika kipaza sauti cha mwimbaji, na kila mmoja akimfuata mwenzake. Ngoma ya kompyuta hailegei wala haikazi, hivyo hata ukiipitisha kwenye utepe wa kweli itabaki ngoma ya kompyuta. Ukikosa mpiga ngoma, tafuta angalau kayamba au njuga zipigwe kwa mkono.

Tatu, usijaze kipimo. Acha nafasi ya takriban desibeli 6 kati ya kilele cha sauti na mwisho wa kipimo.

Sasa fungua programu. Iko Audacity, ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka wa 2000, na inatosha kwa kazi hii. Ongeza besi desibeli 1 au 2 karibu na hezi 100. Punguza desibeli 2 au 3 kuanzia hezi 10,000 kwenda juu. Kisha tafuta ile athari ya kukata vilele kwa ulaini, uitumie kidogo mno. Ukianza kuisikia waziwazi umeshapitisha, hivyo rudi nyuma. Mambo haya ni kama chumvi kwenye mboga, kwani anayekula hapaswi kuitaja.

Je, uongeze mvumo na kuyumba? Si lazima. Mitambo ya studio ilivuta utepe kwa sentimita 38 kila sekunde, nayo kaseti ya nyumbani sentimita 4.76 tu, ndiposa kaseti huvuma zaidi. Wengi hudhani wanaiga studio ya zamani, kumbe wanaiga kaseti iliyochoka.

Kanda za nyumbani

Hapa ndipo jambo hili linapomgusa hata msomaji asiyepiga gitaa. Huenda kabatini mwenu mna kanda yenye sauti ya nyanya akiimba harusini, au ya baba aliyekwisha kutuacha. Utepe huoza, hunata na kukatika. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti, unganisha waya hadi kwenye kompyuta, uinase yote. Nakala hiyo ya kwanza usiiguse kamwe. Tengeneza nyingine ya kufanyia majaribio, na ukiondoa mvumo, ondoa kiasi tu. Ukiufuta wote, sauti ya nyanya itakuwa kama ya mtu aliye chini ya maji.

Mfano mwema upo. Mzee Kamaru alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, ambaye pia huitwa Joseph Kamaru na hutumia jina la KMRU, ni msanii anayetunga kwa kompyuta, na muziki wake mwenyewe hauna gitaa la babu. Hata hivyo, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake kwa njia ya dijitali, na leo zinasikilizwa na watu wa mbali ambao hawakuwahi kuishika santuri yake.

Ukimaliza kazi yako, fanya jaribio moja. Mwekee mzazi wako nyimbo mbili, ile uliyoitengeneza na ile ambayo hukuigusa, bila kumwambia ipi ni ipi. Hakikisha zina nguvu sawa, kwa maana inayopiga kelele zaidi hudanganya sikio ikaonekana bora. Atakayoomba irudiwe, hiyo ndiyo ya kuwapa watu. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kompyuta tunayo, lakini sikio la kuihukumu bado liko kwa wazee, nao hawatakaa nasi daima.