Kinyonga Afa kwa Kiu Bakuli Likiwa Mbele Yake

Sisi watu wa pwani twamjua kinyonga kwa jina zaidi kuliko kwa sura. Mtu asiyesimama kwenye neno lake twamwita kinyonga, na yule mnyama mwenyewe akionekana juu ya mkomamanga uani, watoto hupiga mayowe na watu wazima hutafuta fimbo. Yasemekana ana sumu. Napenda kuwahakikishia wasomaji kwamba hana sumu hata chembe, na akimuuma mtu hubana kidole tu. Hata hivyo sikusudii leo kumtetea. Nataka kueleza jinsi anavyotakiwa kutunzwa na wale wanaopenda kumweka karibu nao, jambo nililolishuhudia Ukambani, katika Kitui na Makueni.

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, ufikapo Kibwezi, katika Makueni, iko njia ya kulia iendayo Ikutha, Mutomo na mji wa Kitui. Njiani unavuka mto Athi. Ni nchi ya mibuyu na migunga, na mvua inayotegemewa zaidi ni ile ya vuli, kati ya Oktoba na Disemba. Katika nchi kavu namna hiyo mtu hudhani kinyonga hana haja kubwa ya maji. Karibu na Mutomo, mwanafunzi mmoja alinionyesha wake. Alikuwa amemtia katika sanduku la mbao lenye kioo mbele. Ndani mlikuwa na kijiti kimoja, bakuli la maji safi na nzi waliokufa.

"Siku nne sasa, mzee," akaniambia, "hali wala hanywi."

Nilimtazama yule kinyonga. Macho yake, ambayo kwa kawaida hutuna kama vikuba viwili, yalikuwa yamebonyea ndani, na mchana huo wa jua alikuwa ameyafumba. Hizo ni alama mbaya sana. Kinyonga mzima halali mchana, na jicho lililobonyea ni dalili ya kiu.

Maana kinyonga hajui bakuli. Maji yaliyotulia kwake mara nyingi si maji. Yeye hunywa umande wa alfajiri na matone ya mvua yanayometameta na kuteleza juu ya majani. Na chakula ni vivyo hivyo. Hutazama kinachotembea, kila jicho likizunguka upande wake, kisha macho yote mawili hukutana juu ya panzi mmoja, na ulimi, ambao ni mrefu kuliko kiwiliwili chake, hufyatuka. Nzi aliyekufa haoni kuwa ni riziki. Tangu chuoni tumesikia habari za yule mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Kijana huyu hakuwa mkatili, bali alimpa mfungwa wake vitu asivyoweza kuvitumia.

Kile kioo nacho kilikuwa adhabu. Kinyonga hukaa peke yake. Akiona mwenziwe hukasirika au huogopa, na katika kioo aliona kinyonga mwingine asiyeondoka. Ndiyo sababu alikuwa ameiva weusi. Wengi husema hujibadilisha rangi apate kufanana na mahali alipo. Kwa hakika rangi zake ni hali yake: baridi, jua, hofu, hasira. Asubuhi huwa mweusi apate kunyonya joto, usiku akilala huwa mweupe mweupe. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, waliochunguza kinyonga wa Bukini, walieleza kwamba ndani ya ngozi mna chembe ndogo mno kama fuwele, na nafasi baina yao ikitanuka au kupungua, mwanga unaorudishwa huwa wa rangi nyingine.

Tulimtoa, tukamweka kwenye kichaka chenye kivuli, na kijana akanyunyiza maji juu ya majani kwa kibuyu alichokitoboa. Ilipita robo saa kamili. Kisha kinyonga akaanza kulamba.

Bibi wa nyumba ile hakutaka kusogea. Wakamba wana hadithi ya kale, nayo iliandikwa na wageni mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba Mulungu alimtuma kinyonga awaambie wanadamu watakufa na kufufuka. Kinyonga akafika, akashikwa na kigugumizi, akarudia rudia mwanzo wa maneno. Ndege mmoja mdogo, aina ya mnana, akamkatiza akasema watu wakifa ndio mwisho wao. Basi kinyonga akabebeshwa lawama ya mauti, na watoto humpiga mawe. Kwa maoni yangu mkosaji alikuwa ndege, lakini ndege huruka.

Huko Makueni, kwenye nchi ya maembe, nilimkuta mzee mmoja anayewafuga bila tundu. Miembe yake haipigi dawa ovyo. Nzi wa matunda huwategea mitego, kwa kuwa panzi aliyekula dawa humuua kinyonga atakayemla. Nilipomuuliza kwa nini hajengi kizimba, alicheka.

"Mwanangu, nikimtia sandukuni, mvua inakuwa kazi yangu. Akikaa mtini, ni kazi ya Mungu."

Atakaye kizimba na akijenge kwa wavu, si kioo, kirefu kwenda juu, ndani mna mmea hai na matawi membamba, maana vidole vyake vimegawanyika kama koleo, viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, navyo vyataka kitu cha kukamata. Jua la asubuhi lazima limfikie, ama mifupa italegea. Kivuli kiwepo pia. Maji yadondoke polepole kutoka kwenye mkebe uliotobolewa. Asishikwe shikwe. Na kabla ya yote, kibali cha Shirika la Wanyamapori, kwani sheria ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga mnyama wa porini bila ruhusa.

Mwaka 1972, vinyonga wa Kenya wenye pembe tatu walisafirishwa hadi Hawaii kwa mwenye duka la wanyama. Walifika wamekonda na kukaukiwa, naye akawaachia bustanini kwake Kaneohe wapate nafuu. Walipata nafuu hata wakaenea visiwani, na leo ni kero kwa konokono na wadudu wa huko. Kenya ilisimamisha kuwauza nje mwaka 1981.

Wale wa pembe tatu huzaa watoto hai. Huyu wetu wa nchi kavu, mwenye vipande vya ngozi shingoni kama masikio, ambaye hupatikana na pwani, hutaga mayai kwa makumi. Jike huteremka, huchimba kwa miguu, hufukia, na mayai hukaa udongoni miezi mingi. Katika tundu lisilo na mchanga hushindwa kutaga, nayo mayai humuua tumboni. Chini ya mwembe wa tatu kutoka langoni, mzee yule amezungushia mawe mahali pamoja, na jembe halipiti hapo.