Gari kuukuu na skana: Kwa nini kifaa huingia kwenye tundu lakini hakisomi

Taa ya manjano yenye umbo la injini inapowaka kwenye dashibodi ya gari lililo njiani kati ya Koboko na Arua, dereva hukabiliwa na swali la fedha kabla ya swali la ufundi. Je, anunue sensa anayoambiwa kuwa imekufa, au atafute kwanza mashine ya kusoma hitilafu?

Mashine hiyo, ambayo mafundi huiita skana, siku hizi hupatikana kwa bei nafuu, hata ile ndogo inayowasiliana na simu ya mkononi. Hata hivyo, katika magari mengi ya zamani skana huingia vizuri kwenye tundu, taa yake huwaka, kisha huandika kwamba imeshindwa kuunganishwa na gari. Mnunuzi hudhani ameuziwa kifaa kibovu, au kwamba kompyuta ya injini imeungua. Mara nyingi yote mawili si kweli.

Tundu moja, lugha nyingi

Kuanzia magari ya modeli ya 1996, sheria za Marekani zilimlazimu kila mtengenezaji anayeuza magari madogo huko kuweka mfumo wa pamoja wa kujipima uitwao OBD-II. Mfumo huo una tundu la pini 16 karibu na usukani, pamoja na namba za msingi za hitilafu zenye maana moja kwa magari yote. Umoja wa Ulaya uliweka sharti kama hilo kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001, na ya dizeli mwaka 2004. Skana za bei nafuu ziliundwa kwa ajili ya mfumo huu.

Lakini magari mengi yanayotumika Uganda yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, yakatumika huko, ndipo yakaletwa kwetu. Sheria za Marekani na Ulaya hazikuyahusu. Ndiyo maana Toyota nyingi zilizouzwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina tundu lile lile la pini 16, ilhali kompyuta zake hutumia lugha ya kiwanda chenyewe. Kupeana mkono si kuelewana.

Tatizo hili halitatoweka upesi. Sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu yatengenezwe, lakini haikuyaondoa barabarani yale yaliyokuwa yamekwisha kusajiliwa.

Litambue gari kabla ya kifaa

Anza na namba ya chesisi. Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani au Ulaya huwa na namba yenye herufi na tarakimu 17. La soko la Japani huwa na namba fupi yenye kistari: kwanza modeli, kwa mfano AE100 au AT211, kisha tarakimu za gari lenyewe. Skana inayotegemea namba ya herufi 17 haiwezi kulitambua gari hilo yenyewe. Tafuta inayokuruhusu kuchagua kwa mkono: Toyota, soko la Japani, modeli, na aina ya injini.

Pili, chungulia tundu. Pini ya 16 huleta umeme wa betri, nazo za 4 na 5 ni za ethi. Mawasiliano ya magari ya zamani kutoka Japani na Ulaya hupitia zaidi pini ya 7. Ya magari mapya hupitia za 6 na 14. Ikiwa nafasi hizo tatu hazina chuma ndani, ni nadra skana ya kawaida kupata njia ya kuzungumza na gari.

Tatu, ijue injini na betri. Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ hutumia pampu ya mafuta isiyoendeshwa kwa kompyuta, hivyo skana haina cha kusoma kwenye injini hiyo. Malori mengi nayo hutumia umeme wa volti 24, unaoweza kuunguza kifaa kilichoundwa kwa volti 12.

Kabla ya kulipa

Omba skana ijaribiwe kwenye gari lako mwenyewe, si kwenye gari la muuzaji. Kama unatumia iPhone, uliza iwapo kifaa kinakubaliana nayo, kwa sababu vingi vya Bluetooth vya bei ya chini hufanya kazi na simu za Android pekee. Mwenye gari moja anaweza kupata nafuu zaidi akimlipa fundi mwenye mashine kubwa asome mara moja, kuliko kununua kifaa kisichomfaa.

Njia isiyohitaji skana

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku cha plastiki chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Fundi huunganisha kwa waya matundu mawili, TE1 na E1, kisha hufungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini huanza kukonyeza. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia, kisha mara mbili tena, hiyo ni namba 22: hitilafu katika sensa ya joto la maji au nyaya zake. Kazi hii aachiwe anayeijua, kwani kuunganisha matundu yasiyohusika kunaweza kuunguza fyuzi au kompyuta.

Namba si hukumu

Hata skana inaposoma, namba huonyesha pa kuanzia tu. P0171, kwa mfano, humaanisha kwamba injini inapata petroli kidogo kuliko hewa inayoivuta. Chanzo chaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuliwa na vumbi, au pampu ya petroli iliyodhoofika. Anayekimbilia kubadilisha sensa huenda akarudi gereji wiki inayofuata, taa ikiwa imewaka tena.

Kwa mkazi wa Kuluba, wilayani Koboko, ambaye gari lake ndilo linalompeleka mgonjwa hospitalini na mazao sokoni, kosa hilo ni siku kadhaa bila gari na fedha zisizorudi. Basi kabla ya kuuliza bei ya skana, isome kwanza namba ya chesisi.