Taa ya betri ikiwaka, usikimbilie betri mpya

Saa nne usiku, mtoto ana homa kali, gari linaelekea hospitali. Ghafla taa nyekundu yenye alama ya betri inawaka kwenye dashibodi. Wazazi wengi hudhani betri imekufa. Kesho yake wananunua mpya, na siku chache baadaye gari linazima tena.

Kwa kawaida taa hiyo humaanisha betri haichajiwi. Kinachoichaji ni alteneta, inayozungushwa na mkanda wa injini. Taa ikiwaka njiani, zima kiyoyozi na redio, acha taa za mbele, na usizime injini mpaka mfike. Lakini mshale wa joto ukipanda, simama mara moja: kwenye baadhi ya magari mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji.

Asubuhi, mwombe fundi umeme apime kwa mita. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.7. Isipopanda, akague mkanda, nyaya na alteneta. Usikubali achomoe waya wa betri injini ikinguruma. Anaweza kuunguza kompyuta ya gari.