Njia za Pantelleria: wakulima walizijenga, watalii walikuja nyuma



Tangu nirudi Bukavu, watu watatu wa promosyo yangu wameniuliza swali moja, na kila mmoja akicheka kidogo: "Walikupa nafasi ya mafunzo Italia, na weye ukaenda kutembea kwa miguu ku kisiwa?" Ndiyo, nilienda kutembea. Siku nne nzima. Ninaandika hapa ili nieleze kwa nini agronomu wa Kivu anaweza kujifunza kitu ku njia za miguu za kisiwa kidogo cha bahari ya Mediterania. Lakini kwanza niseme kosa langu, juu bila lile kosa nisingeziangalia zile njia hata dakika moja.

Mwaka niliopata lisansi, nilirudi nyumbani Kabare na kiburi kidogo. Mama na majirani zake walikuwa wanashusha mihogo na maharage kwa njia ya zamani inayozunguka kilima, polepole, mizigo ku mugongo. Mimi nikaona ile njia ni ndefu bure. Nikasema: tukate moja kwa moja, toka juu mpaka ku barabara. Walinisikiliza, juu nilikuwa nimesoma. Vijana walichimba siku mbili, njia ikafunguka. Msimu wa kwanza kila mutu alifurahi. Msimu wa pili, mvua ya mwezi wa nne iligeuza njia kuwa mfereji, na mfereji ukawa korongo. Leo mutu muzima akisimama ndani, unaona kichwa tu. Lile korongo lilikula mistari minne ya migomba ya jirani yetu mmoja, mjane. Hakunigombeza hata siku moja. Akiniona, anapita tu upande mwingine.

Basi njo na ule uzito nilifika Pantelleria.

Kisiwa chenyewe

Pantelleria ni ya Italia, lakini iko karibu na Afrika kuliko Sicilia: kama kilomita 70 toka Tunisia, na kama kilomita 100 toka Sicilia. Ukubwa wake ni kilomita mraba 83 hivi. Idjwi yetu inaizidi zaidi ya mara tatu. Mulima wake mukubwa, Montagna Grande, unafika metre 836. Kwa hiyo kilele chao kiko chini sana kuliko maji ya ziwa Kivu, ambayo yako kama metre 1460.

Ni kisiwa cha volkano, na ile volkano haijalala kabisa. Mwaka 1891 moto ulilipuka chini ya bahari, karibu na pwani yake. Ukitembea upande wa Favara Grande, unaona mvuke unatoka ku mawe. Kuna pango moja, Grotta di Benikulà, watu wanaingia kutoa jasho kama kwenye sauna. Watu wa Goma wataelewa vizuri kuliko mimi: mawe meusi kila mahali, na udongo muzuri katikati ya mawe.

Hakuna mto. Mvua ni kidogo, na inanyesha zaidi wakati wa baridi. Upepo unavuma karibu siku zote. Katika hali hiyo, ungewaza watu wote ni wavuvi. Hapana. Toka zamani watu wa Pantelleria ni wakulima kuliko wavuvi. Wanalima zabibu, mizeituni na kapari, kile kichipukizi cha maua wanachokausha na chumvi.

Njia inatoka wapi

Mutalii akifungua ramani, anaona mistari na namba: hii inapanda Montagna Grande, hii inazunguka ziwa linaloitwa Specchio di Venere, hii inashuka mpaka ku bahari, upande wa Punta Spadillo kwenye nyumba ya taa. Anafikiri serikali ilikuja ikachora njia za matembezi. Mimi pia niliwaza vile siku ya kwanza. Lakini ukiangalia chini ya miguu yako, unaona kitu kingine.

Wakulima wa kwanza walikuta mawe tupu. Ili wapate shamba, ilibidi watoe mawe. Na mawe ukishayatoa, utayapeleka wapi? Waliyapanga kuwa kuta, bila simenti, bila udongo wa kushikamanisha. Ukuta mmoja unashika udongo wa shamba la juu usianguke. Ukuta mwingine unazuia upepo. Na katikati ya kuta mbili waliacha nafasi ambayo punda na mzigo wake wanaweza kupita. Ile nafasi njo njia. Kwa hiyo shamba, ukuta na njia vilizaliwa pamoja, ku kazi moja. Punda wa kile kisiwa alikuwa mukubwa na mwenye mbio, watu walimtafuta hata mbali. Leo jamii yake ilibaki kidogo sana, na serikali ya Sicilia inajaribu kuizalisha tena.

Siku ya pili nilitembea na muzee mmoja mwenye mizabibu, tukielewana kwa Kifaransa chake cha kuvunjika. Tulipokuwa tunazungumza, aliinama mara tano au sita kuokota jiwe lililoanguka njiani, akalirudisha ku ukuta, akaendelea na maneno yake bila kusimama. Nikamuuliza kama ile ni sehemu yake. Akasema hapana, ni ya mutu aliyehamia bara. "Lakini mimi ninapita hapa," akasema.

Sasa nieleze ule ukuta, juu wengi tunaupuuza. Mawe makubwa yanakaa chini, na ukuta unainama kidogo upande wa kilima, hausimami wima kabisa. Nyuma yake wanajaza mawe madogo. Mvua ikinyesha, maji yanapita kati ya mawe, udongo unabaki. Ukuta wa simenti usio na matundu unazuia maji. Maji yanajikusanya nyuma, yanakuwa mazito, siku moja yanausukuma wote. Ukuta wa mawe makavu ukianguka, unaanguka sehemu ndogo, na mutu mmoja anaweza kuitengeneza asubuhi moja. Mwaka 2018 UNESCO iliuandika ule ufundi ku orodha ya urithi wa binadamu, kwa jina la nchi 8: Italia, Ugiriki, Kipro, Ufaransa, Hispania, Uswisi, Kroatia na Slovenia.

Na njia yenyewe? Mara nyingi inafuata mulima kwa upande, inapanda polepole. Pale inapolazimika kupanda kwa nguvu, inakata kona, na wameweka mawe kama ngazi. Maji hayapati mahali parefu pa kukimbia. Pale nilikaa chini ku jiwe moja, nikafikiri ile njia ya zamani ya kwetu Kabare, ile niliyoita ndefu bure. Wazee wetu nao walikuwa wameshahesabu.

Zabibu ni zabibu

Kuna jambo lilinifurahisha. Mzabibu wa pale unaitwa Zibibbo. Niliposikia, nikashangaa: hii si Kiswahili? Kumbe maneno yote mawili yana baba mmoja, zabib ya Kiarabu, maana yake zabibu kavu. Waarabu walikaa ku kile kisiwa kwa muda mrefu, na majina ya vijiji na mashamba bado yanasikika vile: Khamma, Gadir, Bukkuram. Kwetu sisi neno lilipita pwani ya Mashariki. Kwao lilipita Tunisia.

Mzabibu wa Pantelleria haupandi ku nguzo. Mukulima anachimba shimo dogo la bakuli, anaupanda ndani, anaukata ubaki mufupi, na matawi yake yanasambaa karibu na udongo. Upepo unapita juu yake, na umande na mvua kidogo vinakusanyika mule ndani. Ile kazi iliandikwa na UNESCO mwaka 2014. Mzeituni nao wanaulazimisha kukua chini chini, karibu utambae. Na mchungwa au mlimau, usioweza upepo hata kidogo, wanaujengea mnara wa mawe wa mviringo, usio na paa. Mnara mzima juu ya mti mmoja! Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, juu ule mlimau ulikuwa na matunda, na nje ya ukuta upepo ulikuwa unataka kuchukua kofia yangu. Hata nyumba zao, dammuso, zina paa la mviringo ambalo linaongoza maji ya mvua mpaka ku kisima chini ya nyumba. Tone halipotei.

Njia inakufa vipi

Tusidanganyane kwamba kule kila kitu ni kizuri. Vijana wengi waliondoka. Mukulima akiacha shamba, hakuna wa kurudisha jiwe. Ukuta unafunguka, udongo unateremka, miiba inafunga njia. Halafu moto unakuja, na vichaka vile vikavu njo chakula chake. Mwaka 2016 moto mukubwa ulichoma msitu upande wa Montagna Grande. Nilipita pale, bado kuna miti meusi imesimama. Mwaka 2022 moto ulirudi, watu wakakimbia nyumba zao usiku. Na njia iliyofungwa na miiba haisaidii mutu wa kuzima moto.

Mwaka ule ule wa 2016 sehemu kubwa ya kisiwa ikawa hifadhi ya taifa. Njia za zamani zinafyekwa, zinapewa namba na alama za rangi nyeupe na nyekundu. Mutalii anatembea, analala, ananunua kapari na divai tamu ya zabibu zilizokauka ku jua. Hiyo pesa inasaidia. Lakini ule muzee aliniambia wazi: mutalii anapenda ukuta, hajui kuujenga. Bila mukulima, baada ya miaka ishirini kutabaki ramani tu.

Sisi tuchukue nini

Hatuwezi kubeba Pantelleria na kuiweka Kabare. Kule shida ni ukame na upepo. Kwetu ni mvua nyingi inayopiga kwa nguvu, na udongo mwekundu wa mfinyanzi. Mawe hatuna kila mahali. Lakini mambo matatu yanafaa hata kwetu.

La kwanza: njia ni kazi ya kilimo. Ku masomo tulijifunza mistari ya kuzuia mmomonyoko, mitaro, miti. Hakuna aliyetuambia tuangalie wapi mama anapita na mzigo. Na maji yanapita paka pale mama anapita.

La pili: njia ifuate kilima, isikikate. Pale inapokata, iwe na ngazi na mahali pa kutolea maji ku pembeni, kila hatua chache, ndani ya majani. Kwetu badala ya ukuta tunaweza kupanda tripsakumu, setaria au kaliandra ku ukingo. Mizizi inashika udongo, na mbuzi wanapata chakula.

La tatu: yule anayepita njo anayetengeneza. Wazee wetu wanakumbuka mitaro ya wakati wa Wabelgiji, ya lazima. Uhuru ulipokuja, mingi iliachwa. Siwalaumu, nani angependa kazi ya fimbo? Lakini tuliacha fimbo na mtaro pamoja.

Mwezi uliopita nilipanda Kabare, nikawaomba majirani tukutane. Nilisema mbele ya wote: ile njia ni mimi, na nilikosea. Nilipendekeza turudie njia ya zamani. Shida ni kwamba watu wawili walishailima, kila mmoja atapoteza kama metre moja ya shamba. Wakanyamaza. Yule mjane akauliza: "Na weye utatoa nini?"

Nimeahidi kona ya chini ipite ku shamba letu, pale penye maharage ya mama. Mama bado hajakubali, alisema atafikiri. Wakati anafikiri, tumeanza kuweka vizuizi vya miti na mawe ndani ya korongo, kila Jumamosi. Tuko watu sita.

Wale wa association waliokwisha kufunga korongo upande wa Walungu au Kalehe, muniandikie hapa: mulianzia juu ao chini? Na kama mutu ana miche ya kaliandra, nitakuja kuichukua mwenyewe.