Hifadhi Bila Mlinzi ni Jina Tu

Ndugu wafanyakazi, leo tunawaalika tusafiri pamoja kwa fikra. Tunatoka Kismayo, tunafuata pwani kuelekea kusini mpaka Ras Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya.

Kushoto kwetu, baharini, ni visiwa vya Wabajuni: Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo. Huko kuna matumbawe, majani ya bahari anayokula nguva, na fukwe ambako kasa hutaga mayai. Penye hori, kama Burgabo, imesimama mikoko. Kulia kwetu nchi ni kavu: mchanga, miiba na migunga.

Mgeni ataiita jangwa tupu. Lakini swala twiga husimama kwa miguu miwili akala majani ya juu, na digidigi hukaa siku nyingi bila kunywa, akitosheka na maji yaliyomo katika majani.

Sehemu ya nchi hii ilitengwa kuwa hifadhi ya Lag Badana. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, hifadhi ikabaki bila ulinzi. Wabajuni wengi walikimbilia Kenya. Migunga ya kusini ikakatwa, ikachomwa makaa, makaa yakapakiwa bandarini Kismayo kwenda nchi za Ghuba. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku biashara hiyo, lakini magendo yaliendelea. Sisi wavuja jasho tunajua mgawo wake: mkata miti hupata moshi, tajiri hupata fedha.

Tukivuka mpaka na kuingia Kaunti ya Garissa, ukame ni ule ule. Hapa yupo hirola, mnyama ambaye asili yake ni eneo hili la mpaka tu. Sotoka ya miaka ya 1980 iliwaua wengi, wakabaki mamia machache. Wafugaji wa Ishaqbini wakatenga ardhi yao wenyewe. Mwaka 2012 uzio ulikamilika, hirola 48 wakawekwa ndani, na baada ya miaka michache walikuwa wamezidi maradufu. Wanaolinda ni vijana wa vijiji vya hapo hapo, na ulinzi ndiyo kazi yao.

Wenzetu, mwenye shoka naye ana watoto wa kulisha. Lag Badana itakapofufuliwa, tudai mkata makaa apewe kazi ya ulinzi yenye mshahara, na mvuvi wa Kibajuni awe na kiti katika kamati.