Kushirikishwa au Kuongoza? Lugha na Upangaji wa Utafiti wa VVU Unaoongozwa na Jamii katika Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanafafanua maana ya upangaji wa utafiti wa VVU unaoongozwa na jamii, kwa kuangalia Arua na Koboko katika eneo la West Nile, Uganda. Hoja kuu ni kwamba uongozi wa jamii huamuliwa mapema kuliko inavyodhaniwa, yaani pale inapochaguliwa lugha ya kuundia swali la utafiti. Tafsiri inayokuja mwishoni, kwenye fomu ya ridhaa, humwezesha mtu kukubali au kukataa mpango uliokwisha kuandaliwa, lakini haimpi nafasi ya kupanga. Makala yanapima uwezo na mipaka ya Kiswahili katika kazi hiyo, kisha yanatoa mapendekezo kwa watafiti na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Koboko iko kwenye pembe ambapo Uganda inapakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022, pembe hiyo imekuwa mahali wanachama watatu wa Jumuiya wanapokutana. Wakakwa wanaishi pande zote tatu za mipaka hiyo, na Walugbara wanaishi Uganda na Kongo. Barabara inayotoka Arua hupita Koboko hadi Oraba, kisha huvuka kwenda Kaya na Yei. Wafanyabiashara huenda na kurudi soko la Ariwara, upande wa Kongo. Wakimbizi kutoka Kongo wamepewa makazi Lobule, wilayani Koboko, na wale wa Sudan Kusini wako Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi.

Utafiti wa kitaifa wa kaya wa mwaka 2016–2017 ulikadiria kwamba asilimia 6.2 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 nchini Uganda walikuwa wakiishi na VVU. West Nile ilikuwa na asilimia 3.1. Wastani huo mdogo una hatari yake. Haumtofautishi dereva wa lori anayelala Oraba na mkulima wa kijijini, wala haumwoni mama anayechukua dawa upande mmoja wa mpaka na kulima upande wa pili. Maswali ya namna hiyo hujulikana kwanza na wanaoyaishi. Ndiyo sababu suala la nani anapanga utafiti ni la kisayansi kwa kiwango kilekile lilivyo la haki.

2.0 Historia ya kutafitiwa

West Nile si eneo geni kwa watafiti. Mwaka 1937, virusi ambavyo havikuwa vikijulikana vilipatikana katika damu ya mwanamke wa Omogo, katika iliyokuwa Wilaya ya West Nile. Vikapewa jina la eneo hilo, na leo jina hilo linatajwa duniani kote na watu wengi wasiojua kuwa ni jina la mahali wanapoishi watu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali. Ushauri huo ulikuja miaka 78 baada ya Omogo.

Katika miaka ya 1970, damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile ilikusanywa ili kuchunguza uhusiano kati ya virusi vya Epstein-Barr na saratani ya Burkitt. Kazi hiyo ilikuwa na thamani kubwa, kwani ilisaidia kuonyesha kwamba maambukizi ya virusi yanaweza kutangulia saratani kwa miezi au miaka. Hata hivyo, mfano huu na ule wa Omogo unaonyesha mgawanyo wa kazi uliokuwa wa kawaida wakati huo: swali lilitoka nje, damu ikatoka ndani, na jibu likachapishwa katika lugha isiyosomwa na waliotoa damu.

Mgawanyo kama huo una athari zake mahali pengine pia. Nchini Marekani, kumbukumbu ya utafiti wa Tuskegee wa mwaka 1932 hadi 1972, ambamo wanaume Weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa uchunguzwe, ni sababu mojawapo ya jamii za watu Weusi kudai nafasi ya kupanga utafiti wa VVU unaowahusu. Afrika Mashariki nayo ina neno la zamani la hofu ya damu kuchukuliwa, yaani mumiani. Mtafiti anayelicheka neno hilo hajauliza limetokana na nini. Kwa jamii iliyochukuliwa damu mara nyingi bila kuulizwa swali, tahadhari ni aina ya maarifa.

3.0 Kushirikishwa, kushiriki na kuongoza

Kiswahili kinatupa kipimo kizuri cha kupimia mipango. Nyaraka nyingi za miradi hutumia kitenzi kushirikishwa. Mofimu zake zinasema wazi: -shiriki ndicho kitendo, -ish- inaonyesha kuwa kuna anayekisababisha, na -w- inamweka mwanajamii mahali pa mtendwa. Jamii iliyoshirikishwa ina mtu mwingine aliyeishirikisha, na huyo ndiye mtendaji. Kushiriki kunaiweka jamii kuwa mtendaji, lakini katika shughuli ambayo huenda ilianzishwa na wengine. Kuongoza kunadai zaidi, kwamba jamii ndiyo inayotangulia. Neno jingine la kutazamwa upya ni walengwa. Anayelengwa ni shabaha, na shabaha haina kauli juu ya mshale.

Madai ya kuongoza si mapya. Mwaka 1983, watu waliokuwa wakiishi na UKIMWI walikutana Denver, Marekani, wakadai kuhusishwa katika kila ngazi ya maamuzi. Mwaka 1994, serikali zilizokutana Paris zilikubali kanuni ya ushiriki mpana zaidi wa watu hao. Nchini Uganda, shirika la TASO, lililoasisiwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, lilitokana na watu walioguswa na ugonjwa huo wenyewe. Mwaka 2007, UNAIDS na AVAC walitoa mwongozo wa ushiriki mwema katika majaribio ya kinga ya VVU, na toleo la pili likafuata mwaka 2011.

Mashauriano ya mapema hubadilisha utafiti wenyewe. Katika jaribio la PURPOSE 1, lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, mashauriano na wawakilishi wa jamii yalitangulia, na wasichana wa miaka 16 na 17 walijumuishwa. Waliopata mimba wakiwa ndani ya jaribio waliweza kuendelea kwa ridhaa mpya. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kati ya washiriki 2,134 waliodungwa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna aliyeambukizwa VVU. Kwa kuwa wasichana na wajawazito hawakuachwa nje, ushahidi huo uliwahusu tangu mwanzo.

Kwa hiyo, upangaji unaoongozwa na jamii unaweza kuelezwa kwa hatua nne: kuchagua tatizo, kuunda swali, kukubaliana jinsi ya kulijibu, na kuamua matokeo yatatumiwaje na nani. Jamii inayoalikwa kwenye hatua ya tatu peke yake imeshirikishwa. Inayoanza na hatua ya kwanza ndiyo inayoongoza. Ikumbukwe kwamba malengo ya kimataifa ya mwaka 2021, yanayotaka asilimia 30 ya huduma za upimaji na matibabu zitolewe na asasi zinazoongozwa na jamii, yanahusu huduma. Kwa utafiti, hakuna kiwango cha namna hiyo katika malengo hayo, na hapo ndipo washauri wa sera wana kazi.

4.0 Kikao kifanyike kwa lugha gani?

Miongozo ya kitaifa ya Uganda kuhusu utafiti unaohusisha binadamu inataka taarifa za ridhaa zitolewe katika lugha anayoielewa mshiriki. Sharti hili ni la lazima, lakini linafika mwishoni. Itifaki huwa imeshaandikwa kwa Kiingereza, bajeti imepitishwa, na swali limeshafungwa. Mfasiri anapoitwa, kilichobaki ni kuchagua maneno.

Katika Arua na Koboko, kuchagua lugha ya kikao cha kwanza si jambo jepesi. Kilugbara ni cha tawi la Sudani ya Kati na Kikakwa ni cha tawi la Kiniloti. Hakuna kati yake iliyo ya Kibantu, kwa hiyo msemaji wake hapati urahisi anaoupata Mganda au Mnyoro anapojifunza Kiswahili. Zaidi ya hizo kuna Kinubi, Kiarabu cha Juba, Lingala na Kiingereza. Katika mchanganyiko huo, Kiswahili kina sifa moja muhimu: kinatumika sokoni, barabarani na mpakani, na hakimilikiwi na kabila lolote kati ya yale yanayokaa kikaoni. Aidha, Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya wa kukifanya lugha rasmi.

Hata hivyo, sisi tunaokipenda Kiswahili tunapaswa kuwa wa kwanza kutaja mipaka yake. Katika West Nile, Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan wakiwakwepa askari wa jeshi jipya, nalo lilitumia Kiswahili. Kwa mzee aliyepitia hayo, lugha hii huenda ikabeba sauti ya amri. Pili, utafiti wa Ladefoged na wenzake (1972) ulionyesha kwamba wanaume waliodai kukijua Kiswahili nchini Uganda walikuwa wengi kuliko wanawake. Kikao cha kupanga utafiti wa VVU kikiendeshwa kwa Kiswahili pekee, kinaweza kuwanyamazisha wale ambao utafiti unawahitaji zaidi.

Kiswahili basi kifanye kazi ya daraja. Makundi madogo yazungumze kwanza kwa Kilugbara, Kikakwa, Kiarabu cha Juba au Lingala, wanawake na vijana wakiwa na vikao vyao. Kisha wawakilishi wakutane na kuoanisha hoja kwa Kiswahili. Rasimu ya kwanza ya swali iandikwe kwa lugha lilimozungumzwa, na Kiingereza kije baadaye, kikiwa tafsiri. Kuna pia wasioweza kunyoosha mkono katika kikao cha wazi kwa lugha yoyote. Tangu kupitishwa kwa sheria ya mwaka 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, hatari yao imeongezeka. Mpangaji asiuchukulie ukimya wao kuwa ushahidi kwamba hawapo.

5.0 Istilahi zinazopotosha

Hata lugha ikishachaguliwa, istilahi zinaweza kuuharibu mpango. Mifano minne itatosha.

Kwanza, VVU ni kifupisho cha virusi vya UKIMWI. Jina la ugonjwa limo ndani ya jina la virusi, kwa hiyo msikilizaji husikia kwamba mwenye virusi tayari ana UKIMWI. Maelezo ya utafiti yanapaswa kuitenganisha hali ya kuishi na virusi na ile ya kuugua, hasa sasa ambapo dawa za kufubaza virusi zinamwezesha mtu asifike huko.

Pili, kugawa washiriki kwa bahati nasibu. Kwa msemaji wa kawaida, bahati nasibu ni mchezo wenye mshindi na mshindwa. Atauliza, kwa haki, ni nani aliyeshindwa. Ni bora kueleza kwamba hakuna anayechagua, awe daktari au mshiriki, na sababu ya kufanya hivyo.

Tatu, dawa bandia. Baadhi ya tafsiri hulitumia neno hili kwa plasebo. Katika magazeti na redio, dawa bandia ni dawa ghushi, na mwenye kuiuza hukamatwa. Kidonge kisicho na dawa ni maelezo marefu zaidi, lakini hayamfanyi mtafiti aonekane mhalifu.

Nne, kundi la udhibiti. Kudhibiti ni kazi ya polisi na majanga. Kundi la kulinganishia linasema kinachofanyika.

Maneno haya yakijadiliwa katika kikao cha kupanga, wanajamii hugundua mapema yaliyomo ndani ya mbinu. Wanaweza kuuliza kwa nini kundi moja lipate kidonge kisicho na dawa ilhali kinga inayofanya kazi inajulikana. Hilo ni swali la maadili ya utafiti, na lingechelewa mno likiulizwa wakati wa kutia saini.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba lugha ya kikao cha kwanza huamua nani anapanga. Yanapendekeza mambo manne. Kwanza, wafadhili watenge fedha za vikao vya lugha nyingi kabla ya itifaki kuandikwa, na wakalimani walipwe kama wataalamu. Pili, kamati za maadili zidai rasimu ya swali la utafiti katika lugha lilimoundwa, pamoja na fomu ya ridhaa. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki zishirikiane kuandaa faharasa ya istilahi za utafiti wa afya, na zianze mipakani, ambako istilahi hizo zitajaribiwa na watu wasiozaliwa na Kiswahili. Nne, matokeo yarudishwe kwa utaratibu uleule: Kiswahili kwenye kikao cha pamoja, na lugha za nyumbani katika makundi.

Uharaka wa jambo hili ni dhahiri. Mwezi Januari 2025, serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya maendeleo nje ya nchi, na huduma nyingi za VVU zilitikisika. Fedha zinapopungua, kupanga ni kuamua nini kibaki na nini kiachwe. Uamuzi huo ukifanywa katika lugha isiyosemwa Koboko, watu wa Koboko wataupokea ukiwa umekwisha kufanywa, kama walivyolipokea jina la virusi.