Kabla ya Kubadili Chipu ya Ampea



Hapa Rusizi, eneo ambalo hadi 2006 lilikuwa ndani ya Mkoa wa Cyangugu, anayetoka zamu katika kiwanda cha saruji cha Bugarama na anayerudi kutoka mashamba ya chai ya Shagasha wote hupenda kupumzika kwa muziki. Ampea ikianza kukwaruza, ushauri husikika upesi: "Badili chipu." Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini mara nyingi hula mshahara bila kutibu ugonjwa. Basi tulitazame jambo hili pamoja.

Chipu inayosemwa ni ile ndogo yenye miguu minane, ambayo mafundi huiita opampu. Kazi yake ni kupokea sauti hafifu kutoka kwa redio au simu na kuikuza bila kuiharibu. Kuisukuma spika si kazi yake. Hiyo ni kazi ya transista kubwa zilizofungwa kwenye bati la kupozea. Ni kama lango la maji katika mtambo wa umeme wa Ruzizi: lango huamua maji kiasi gani yapite, lakini nguvu yatoka mtoni. Kwa hiyo anayetuahidi kwamba opampu mpya itaongeza nguvu ya spika anatudanganya.

Kwanza tutafute ugonjwa. Mkwaruzo unaosikika tunapozungusha kitufe cha sauti kwa kawaida ni uchafu ndani ya kitufe hicho. Mngurumo usiokoma mara nyingi hutokana na kapasita kubwa za umeme zilizokauka, au waya wa ardhi uliolegea. Upande mmoja ukinyamaza, tuangalie waya wa spika na sehemu za risasi zilizopasuka.

Pili, tupime. Katika ampea yenye umeme wa pande mbili, chanya na hasi, opampu nzima ya aina mbili-ndani-ya-moja kwa kawaida huonyesha karibu volti 0 kwenye mguu wa 1 na wa 7 muziki ukinyamaza. Mguu ukiganda karibu na volti za umeme unaoilisha, chipu inastahili kushukiwa. Ampea ikiwa wazi na umeme umo, asiyezoea asiingize mkono: volti 230 huua, na kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Tatu, ikibidi kubadili, tuheshimu miguu. 4558, TL072 na NE5532 zina mpangilio mmoja: umeme chanya mguu wa 8, hasi mguu wa 4. Lakini 741 ina opampu moja tu, na umeme chanya huingilia mguu wa 7. Haiwezi kukaa mahali pa hizo. Alama ya pengo au nukta ielekee ilikokuwa ile ya zamani, kwani chipu iliyogeuzwa huungua. Tukumbuke pia kwamba NE5532 hula umeme mwingi kuliko TL072, na ampea ndogo huenda isiumudu. Tulehemu soketi badala ya chipu yenyewe, ili mara nyingine tusichome ubao tena. Na tujihadhari na bei ya kutupa: sokoni zimo chipu zilizofutwa jina na kuandikwa jingine.

Je, opampu bora haileti tofauti kabisa? Huleta pale ya zamani ilipokuwa na mvumo mwingi, hasa kwenye njia ya maikrofoni au ya sahani za santuri. Katika ampea nzima ya kawaida, tofauti yaweza kuwa ndogo mno isisikike. Kuna njia ya kujua: mwenzetu abadili chipu bila kutuambia ipi imo, sauti iwe sawa, nasi tutaje, mara kumi. Tukishindwa kuzitambua, fedha ile ingefaa kununua kapasita, au daftari za watoto.

Wafanyakazi wenzetu, kiwandani hatukubali mashine ifunguliwe kabla ya kujua imeharibika wapi. Nyumbani pia tumuulize fundi: umepima nini, na umeona nini? Fundi wa kweli hachukizwi na swali hilo.